Sanduku la Stika Zisizotupwa

Bango la madrasa lilitoka malengelenge siku ya nne tangu nilipolitundika. Siku tatu za mwanzo nilikuwa nikijitafutia sababu za kupita njia ile ili nilitazame tu, mara nakwenda kununua mkate, mara nakwenda kununua vocha, na kila nikipita najisifu kimoyomoyo. Siku ya nne nikasimama katikati ya njia, mwenye mkokoteni wa maji ananipigia kelele nimpishe, nami simsikii. Malengelenge yalikuwa madogo, mengine kiasi cha punje ya mtama, mengine yamefika kunde, yametapakaa juu ya Bismillahi yote na kuteremka hadi kwenye jina la madrasa. Jua la saa sita lilikuwa limelipiga bango sawasawa na kila lengelenge lilikuwa liking'aa peke yake.

Bango lenyewe lilikuwa la paspeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Maandishi hayakubandikwa mbele. Yalichapwa kinyume, kama yanavyoonekana ukiyashikia kioo cha kujitazamia, juu ya stika isiyo na rangi. Kisha stika ikabandikwa mgongoni mwa paspeksi, na nyuma yake ikafuata stika nyeupe ili rangi zisipotee. Ukisimama mbele unasoma vizuri kabisa, na maandishi hayafikiwi na chumvi ya bahari wala kucha za watoto. Ni kazi ya kupendeza ikikubali. Ikikataa huna pa kuificha, maana kosa lako limekaa nyuma ya kioo na watu wanalitazama wakienda sokoni.

Mwenyekiti wa kamati ya madrasa alinikuta palepale nimesimama. Ni mtu aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kipevu maisha yake yote, na ingawa amestaafu, mwendo wake ungali wa mtu anayekimbizana na meli. Kwake yeye, kitu kikikaa kimeharibika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Waliona hilo?"

"Naliona."

"Watoto wamekwisha kulipa jina. Bango la tetekuwanga." Hakucheka. "Mimi sikulaumu, mwanangu. Hina yako twaijua, mashallah, hapa mtaani hakuna bibi harusi asiyepita mikononi mwako. Lakini kazi hii ina wenyewe. Hili tutawapa watu wa mjini, ng'ambo ya daraja. Wao wasema siku moja tu lishakuwa tayari."

Hasira zilinipanda hadi masikio yakawa moto. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, nina duka langu kando ya barabara ya Malindi, nina mashine ya kukata stika niliyoinunua mwenyewe, na mzee huyu ananirudisha kwenye hina kwa upole, kama mtu anayemrudisha mtoto ndani mvua ikianza. Ni kweli niliichora hina miaka kumi na sita. Naijua na sioni haya kwayo. Niliiacha kwa sababu nilichoka na kazi inayooshwa. Unakaa na bibi harusi saa sita, mgongo unakatika, na wiki mbili baadaye anafua nguo na kazi yako yote imekwenda na povu. Nilitaka kitu ambacho mtu atakipita mwaka kesho akikute. Na sasa nimetundika bango la siku nne. Hata hina hukaa zaidi.

Nikamwambia, "Nipe wiki mbili, kisha nitakuja mbele ya kamati nieleze ni nini kilichotokea. Nikishindwa, wapeni hao wa mjini, nami bango la duka langu nitalishusha kwa mkono wangu."

"Kamati yakaa Alhamisi, wiki mbili hizo zikishapita, baada ya alasiri," akasema. "Lakini wanawake hawaji kwenye kamati."

"Imeandikwa wapi?"

Akageuka, akaondoka. Nilichomwambia hakikuwa maneno ya hasira tu. Madrasa ile ndiyo wanayosomea watoto wa karibu kila nyumba ya pale kwetu. Kazi ikinyang'anywa mkononi mwangu pale, hakuna mwenye duka la dawa wala mwenye kinyozi ambaye angeniletea mlango wake niuandike. Ningefunga. Nililijua hilo barabara nilipokuwa nikipanda ngazi kulishusha.

Dukani nikabandua sehemu ya Jina tu. Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa. Maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi jaani. Bibi yangu alikuwa akiokota hata karatasi iliyopeperuka kutoka chuo cha Kurani, anaikunja, anaichomeka juu ya boriti pasipofika miguu ya mtu. Nilipoanza kazi ya mabango sikulifikiria sana jambo hilo mpaka siku ya kwanza nilipoharibu stika yenye dua ya kuwekwa juu ya mlango wa duka. Mkono ulikwenda kwenye ndoo ya takataka ukakataa wenyewe. Nikatafuta sanduku la bati la mama yangu, nikaliweka kwenye rafu ya juu kabisa, na tangu siku ile kila kilichoharibika chenye Jina kikaingia mle. Na kwa kuwa stika iliyobanduliwa hujishika yenyewe ikawa donge, nilikuwa naibandika kwanza kwenye kipande chochote cha kioo au cha paspeksi kuukuu kilichokuwa kikizagaa dukani, ndipo naiweka. Mafundi wenzangu wa kiume walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimefungua duka la mabango au makaburi.

Lile sanduku nikaliteremsha usiku? La, mchana kweupe, mlango wazi, kwa sababu nilitaka mwanga. Nikavipanga vipande juu ya meza. Sikuwa nimevitazama vyote pamoja hata siku moja. Vilikuwa kazi ya miaka sita, kila stika niliyowahi kuinunua ng'ambo ya daraja, nzuri na mbovu, ile niliyoshauriwa na ile niliyodanganywa. Mafundi walionicheka walikuwa wamevitupa vyao. Mimi nilikuwa navyo, kimoja kimoja, na nikaanza kuvisoma.

Cha tatu kutoka mwisho kilinikalisha chini. Kilikuwa kipande cha kazi hiihii ya madrasa. Nachapisha kazi zangu kwa kijana mmoja wa bara mwenye mashine kubwa ya kuchapa Frere Town, mtu mzima mwenye mke na watoto, mchapakazi, lakini herufi za Kiarabu kwake ni mapambo. Mara ya kwanza aliponichapia bango hili aligeuza maandishi ya Kiswahili yote kinyume kama nilivyomwagiza, na Kiarabu akakiacha kama kilivyo. Nilipomuuliza alinijibu bila wasiwasi wowote, "Si Kiarabu huandikwa kutoka kulia, mama? Hiyo si imeshajigeuza yenyewe?" Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta wake. Alichapa tena, bila kununa, na lile lililokosewa nikalikata, Bismillahi nikaibandika kwenye kipande cha paspeksi kilichokuwa kimekaa dukani tangu mwaka uliopita, nikakitia sandukuni.

Basi kipande hicho na bango lililotoka malengelenge vilitoka kwenye roli moja, siku moja, wino mmoja. Na kipande hakikuwa na lengelenge hata moja.

Nikajiambia labda ni kwa sababu kimekaa gizani. Nikakipandisha juu ya paa la banda la nyuma, kwenye mabati, mahali ambapo jua haliombi ruhusa. Kando yake nikaweka kipande cha paspeksi mpya, nilichokivua karatasi yake ya kukinga asubuhi ileile, nikakibandika kipande kitupu cha stika hiyohiyo. Kisha nikatoa kiti nikakaa. Nilikaa siku tatu, kwa sababu ya kunguru. Kunguru wa Mombasa hawana adabu, na sikuwa tayari wanyee juu ya Jina. Nilikuwa na ufagio mrefu mkononi na kanga kichwani, majirani wakipita wakiniuliza kama naanika papa.

Siku ya tatu kipande kipya kikatoka tetekuwanga. Kile cha zamani kilikuwa kimelala kimya kama kilivyowekwa.

Nilikitwaa nikakinusa. Paspeksi mpya ukiivua karatasi ina harufu kali kidogo, ya kuchoma pua. Nilikuwa nikiisikia miaka yote nikadhani ni harufu ya gundi ya ile karatasi. Haikuwa gundi. Ni plastiki yenyewe inapumua, inatoa kilichobaki ndani yake tangu kiwandani, na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo kwa stika nzuri kabisa na kuianika juani. Pumzi ikatafuta pa kupita, ikayainua maandishi. Kuhakikisha, nikavua kipande kingine na kukiacha wazi siku saba, ndipo nikakibandika na kukipandisha juu, mimi na ufagio wangu tena. Hakikutoka kitu.

Ningefurahi, lakini nilihisi vibaya. Maana sasa nilijua kosa ni la nani. Lile bango niliagizwa wiki ya Maulidi. Paspeksi ilinifikia Alhamisi, mwenyekiti akanipigia simu asubuhi, akapiga adhuhuri, akapiga nikiwa natia chumvi mchuzini. Ijumaa asubuhi nikaivua karatasi, kabla ya swala nikawa nimeshaibandika. Jumamosi watu wamekaa chini ya bango langu wanasoma Maulidi, nami nimejaa kiburi hadi kooni.

Alhamisi ya kamati nilivaa buibui langu zuri nikalibeba sanduku kichwani kama mtungi. Walikuwa wanne, wamekaa kwenye mikeka barazani pa madrasa, na kiti kimoja tu cha plastiki kikiwa pembeni. Nikatoa shikamoo, zikaitikiwa. Mwenyekiti akakisogeza kile kiti, nadhani kwa aibu ya kuniona nimesimama. Nikaliweka sanduku juu ya kiti, mimi nikakaa chini. Wakaelewa mara moja mle ndani mna nini, na hakuna aliyeniambia habari za wanawake na kamati.

Nikatoa kipande cha kwanza.

"Hii ni stika ya bei nafuu," nikasema. "Tazameni ukingoni. Imenywea. Ilikuwa imefika hapa, sasa imerudi hapa, na gundi iliyobaki nje imekamata vumbi ikawa mstari mweusi. Ukiiweka juani mwaka mmoja, herufi zinakuwa kama zimepigwa wanja."

Nikawapa wakazungusha. Nikatoa cha pili.

"Hii hainywei. Lakini gundi yake ina ukungu. Kwenye kazi ya kubandika mbele hamtauona. Kwenye kazi ya nyuma, jicho lapita kwenye paspeksi, lapita kwenye gundi, lapita kwenye stika, ndipo lifike kwenye wino. Gundi ikiwa na ukungu, dhahabu yenu mtaiona kama iko ndani ya maji ya mchele."

Mmoja wao, mwenye ndevu za hina, akakiinua kuelekea mwangani akasema ni kweli wallahi. Nikatoa cha tatu, kile cha Bismillahi ya kijana wa Frere Town.

"Na hii ndiyo yenyewe. Gundi yake safi, haina ukungu. Yalala kwenye paspeksi hata usijue pameisha wapi stika na pameanza wapi plastiki. Kwa kazi ya madrasa sitatumia nyingine."

Mwenyekiti akauliza, "Na lile letu la tetekuwanga, lilikuwa la stika gani?"

Hapo ndipo paliponichoma. Ningeweza kusema lilikuwa la ile ya ukungu, au ile ya kunywea. Hakuna hata mmoja barazani pale ambaye angenibishia. Ningetoka nikiwa fundi aliyeuziwa kitu kibovu, na watu humhurumia fundi aliyeuziwa kitu kibovu. Wangenipa kazi yangu kwa huruma, na mimi ningejua, na sanduku lingejua. Nikawaona wanne wale wananingojea, na nikaudhika kwamba nimefikiria hata hilo.

"Ni hii," nikasema. "Hii nzuri. Stika haikukosa. Nilikosa mimi."

Nikawaeleza habari ya paspeksi na pumzi yake, na paa, na siku tatu, na siku saba. Sikuficha la kunguru, wakacheka kidogo. Kisha nikamgeukia mwenyekiti mwenyewe.

"Mlinihimiza kwa ajili ya Maulidi, Mzee. Simu nyingi. Lakini mkono ulioibandika ni wangu, na ningeweza kusema hapana. Sikusema. Leo nimekuja kuisema."

"Kwa hiyo wakiri kwamba uliharibu."

"Nakiri. Na kazi bado naitaka."

Akashusha pumzi kwa pua. "Watu wa mjini wasema siku moja."

"Basi wapeni. Lakini waulizeni paspeksi yao itavuliwa karatasi lini. Yangu nitaivua, na itakaa uchi dukani kwangu siku saba, na simu yako sitaishika. Ukija mlangoni nitakupa chai, bango sitakupa. Kama hamwezi kungoja siku saba kwa kitu mnachotaka kikae miaka, mimi si fundi wenu."

Mwenyekiti alinyoosha mkono akakitwaa kile kipande cha Bismillahi kwa mwenziwe, akakigeuza-geuza mbele ya miwani yake akakunja uso.

"Na hiki wakiwekea nini? Kimechapwa kombo. Hakisomeki. Hata ungekitupa usingepata dhambi."

"Kigeuze nyuma, Mzee."

Akakigeuza. Kipande kilikuwa kinaonyesha kama kioo, hakikuwa na stika nyeupe mgongoni, na upande ule wa pili Kiarabu kilikuwa kimekaa sawasawa, kwa herufi zilizonyooka na wino wa dhahabu. Mzee akakisogeza machoni.

"Bismillahi Rahmani Rahim," akasoma, kwa sauti, kama anavyosema kila siku akianza kula, akitia ufunguo mlangoni, na bila shaka kama alivyosema kila asubuhi akiingia bandarini kufungua kazi.

Wale watatu wakamtazama. Mwenyewe akatambua alichokisema.

"Umekwisha kuifungua kazi," nikamwambia. "Naanza Jumamosi."

Akanirudishia kile kipande kwa mikono miwili. Nikavipanga vipande vyangu sandukuni, nikaliinua, nikaaga. Jumamosi nikavuka daraja nikanunua paspeksi, nikaivua karatasi pande zote mbili nikaiegemeza ukutani chini ya shuka jepesi la kuzuia vumbi. Siku ya tatu simu ililia, nikaitia kwenye ndoo ya unga. Siku ya tano ililia tena. Siku ya nane nikaosha paspeksi kwa maji yenye tone moja la sabuni, nikailaza stika juu ya maji, nikayasukuma maji kutoka katikati kwenda nje polepole, kwa mkono uleule uliojifunza kutulia kwenye viganja vya mabibi harusi.

Siku ya nne baada ya kulitundika nilikwenda mapema, jua halijapanda, ili kama kuna aibu niione peke yangu. Nikamkuta mwenyekiti keshafika. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, anapitisha kidole gumba juu ya paspeksi, mstari kwa mstari, kama akaguaye mzigo kabla ya kutia sahihi. Tulisubiri pamoja mpaka saa sita, kila mtu akijidai ana shughuli nyingine pale. Halikutoka kitu. Alikwenda zake adhuhuri akaswali.

Lile bango la kwanza, sehemu ya Jina imo sandukuni. Sehemu ya chini, ambayo ilikuwa na maua tu niliyoyachora mwenyewe kwa mkono wangu wa hina, nimeikata nikaitundika dukani juu ya meza, na malengelenge yake yote. Mafundi wenzangu wanasema najiharibia biashara. Anayeingia akitaka bango la kesho, namwonyesha lile, kisha namwonyesha barabara. Wengi wameifuata barabara. Waliobaki ndio wateja wangu.

Juzi mwenyekiti aliingia, kwa mwendo wake uleule wa meli. Anataka kibao cha paspeksi cha mlango wa nyumba ya binti yake anayehamia, chenye dua, kichapwe kwa nyuma, stika ileile ya gundi safi. Alisema anakitaka Ijumaa. Nikanyoosha kidole juu, kwenye maua yenye tetekuwanga. Aliyatazama. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Ijumaa ipi basi, fundi?"